Rangi Mpya Juu ya Ukuta Uliolowa

Desemba 2020, katika mji wa Rochdale nchini Uingereza, mtoto Awaab Ishak alifariki dunia akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka miwili. Tangu 2017 baba yake, mzaliwa wa Sudan, alikuwa ameliarifu shirika lililowapangisha kwamba kuta zimeota kuvu, akaambiwa aipake rangi juu. Novemba 2022 mchunguzi wa vifo aliamua kuwa kuvu hiyo, aliyoivuta mtoto kwa muda mrefu, ndiyo iliyoharibu njia zake za hewa hadi kumuua. Shirika lilikiri kwamba lilikosea kudhani tatizo ni namna familia ile ilivyoishi. Dhana hiyo ndiyo ninayoipinga, maana iko kila wanapokaa wapangaji.

Kuvu hufuata maji. Mbegu zake zimo hewani hata katika nyumba inayopigwa deki kutwa mara mbili, ila hazioti mpaka zikute ukuta, dari au godoro lenye unyevu. Ukisugua kwa klorini, weusi utaondoka kwa wiki chache, huku paa likiendelea kuvuja, maji yakipanda kutoka kwenye msingi, na bafu likikosa pa kutolea mvuke. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2009, lilieleza kuwa wakazi wa nyumba za namna hii huandamwa zaidi na kikohozi, kubanwa kifua, maambukizi ya njia ya hewa na pumu. Halikutaja kiasi cha kuvu cha kuitwa salama. Lilitaka unyevu wenyewe uzuiwe.

Wapo wasemao kwamba wapangaji nao hupika na kuanika nguo ndani, na kwamba wengi wameishi vyumba hivyo bila kuugua. Ni kweli. Lakini nyumba hujengwa ili watu wapike na kuoga humo. Isiyoweza kutoa mvuke wa sufuria ina kasoro ya ujenzi. Na kifua imara cha mtu mzima hakimkingi mtoto mchanga anayeshinda na kulala humo. Tangu Oktoba 2025, Sheria ya Awaab inayalazimu mashirika ya nyumba za jamii huko England kuchunguza unyevu unaotishia afya ndani ya siku 10 za kazi, na kushughulikia hatari ya dharura ndani ya saa 24. Mpangaji wa Dar es Salaam au Mombasa, kabla ya kutoa kodi ya miezi sita, aguse ukuta chini ya dirisha; akikuta rangi mpya imepakwa kipande kimoja tu, amuulize mwenye nyumba maji yalitokea wapi.