NAMNA YA KUFANYA MBAO IKUWE NYEUSI SAWASAWA

Wanafunzi wenzetu, wengi kati yetu wanachonga viti, masanduku na sanamu wakati wa vakansi ili kupata pesa ya minervali. Lakini mara nyingi munuzi anakataa kitu sababu rangi yake ina madoa: ndani ya mashimo ni nyeusi sana, juu ni nyekundu-nyekundu.

Sababu ni nini? Mbao ya kuchongwa hainywi rangi namna moja. Pale kisu kilikata nyuzi, matundu yake iko wazi, inakunywa sana. Pale nyuzi zimelala, inakunywa kidogo. Hata ukipaka mara tano, madoa yatabaki.

Dawa yake ni rangi yenye kuzaliwa ndani ya mbao yenyewe. Ndani ya mbao nyingi kuko kitu kinachoitwa tanini. Kuko pia ndani ya majani ya chai. Tanini ikikutana na chuma inageuka nyeusi. Ni vile watu wa Ulaya walitengeneza wino kwa karne nyingi. Ni vile pia watu wa Mali wanapamba nguo za bogolan: kwanza maji ya majani, kisha matope yenye chuma.

Fuata hivi:

1. Tia misumari ya zamani ndani ya siki, katika chupa ya kioo. Usiifunge kabisa, hewa inayotoka inaweza kuipasua. Ngoja siku saba, kisha chuja.

2. Lowesha mbao na maji. Ikikauka, sugua nyuzi zilizosimama. Ndani ya mashimo tumia brosi.

3. Pika chai kali sana, bila sukari. Paka pote, uache ikauke. Tanini ya mbao haiko sawasawa. Ni chai inayosawazisha. Kwenye ncha zilizokatwa, tangulia na maji safi ili zisinywe kupita kiasi.

4. Paka maji ya chuma, ukianza na mashimo, na ufute yale yanayobaki. Mwanzoni utaona kijivu. Usiogope, nyeusi inakuja polepole.

5. Ikikauka, rudilia chai na chuma. Maliza na verni.

Jaribu kwanza juu ya kipande cha mbao ile ile.

Neno la mwisho: mbao hii si ebene. Ukiikwangua, ndani iko na rangi yake ya zamani. Basi umwambie munuzi ukweli. Kazi safi inauzwa kwa jina lake.