Usiniletee Joka Kama Hujui Bahari

Msee wa Ukunda. Na wewe wa Gazi, na wewe wa Msambweni, na yule wa Vanga ambaye simu yake inashika netiweki ya Tanzania kabla ya Kenya. Sogeeni. Leo tunabonga riwaya za fantasia: zile za majini, mapanga, majoka na falme zenye majina ya kung'oa meno. Najua mbogi yangu inasoma. Shida ni vile mnachagua. TikTok ikisema kitabu kinabamba, wote mbio. TikTok ikinyamaza, hakuna mtu anasoma. Zii. Leo mnanifuata mimi.

Niko na kipimo kimoja tu. Maji. Mwandishi akiniletea dunia yake mpya, sishughuliki na ramani, sishughuliki na ukoo wa mfalme. Naenda moja kwa moja kwa bahari yake. Nacheki chombo kinaendeshwa aje. Upepo unatoka wapi? Kuna kupwa na kujaa, ama maji yake yamelala hapo tangu ukurasa wa kwanza? Mtoto wa huku hajaanza hata shule anajua kusi ikichachamaa ngalawa zinavutwa juu na samaki anapanda bei. Sasa wewe umeweza kutunga milima, lugha tatu na dini mbili, halafu umeshindwa kutunga bamvua? Haijaweza, kaka.

Tuwatoe wazito njiani kwanza. Tolkien. Alizaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, 1892, kwa hivyo si mgeni kabisa kwa bara. The Lord of the Rings ilitoka 1954 na 1955, na mpaka leo kila mtu wa mapanga anakopi kwake. Heshima yake iko. Lakini maji? Wasee tisa wanatembea. Wanapanda mlima, wanashuka mlima, wanatembea tena. Kwa mto wanapewa mitumbwi kidogo, roho yangu inafurahi, halafu miguu tena. Meli ya maana unaionja mwisho kabisa. Nampa C plain. Kisome, ni kitabu cha nguvu, lakini beba viatu.

George R. R. Martin, yule wa Thrones, kwa maji yuko fiti. Visiwa ako navyo, mabaharia wakorofi ako nao. Shida yake ni nyingine. Kitabu cha tano kilitoka 2011. Cha sita tunangoja mpaka leo. 2011, manze! Wakati huo Dongo Kundu ilikuwa ahadi ya wanasiasa, na sisi wote tulikuwa tunapanga laini feri. Sai Dongo Kundu tunapita na madirisha wazi. Barabara ya serikali imemshinda mwandishi spidi. Ukianza hiyo msururu leo, anza ukijua unaingia kwa laini isiyo na feri. Na usiniambie ati hujasoma lakini ulicheki kwa runinga. Mbele ya mbogi hiyo ni kuchoma picha.

Sasa kaa chini. Zima bando.

The House of Rust. Mwandishi ni Khadija Abdalla Bajaber, wa Mombasa, hapo tu ng'ambo ya Likoni. Kitabu kilitoka 2021 na Graywolf Press ya Marekani, na hata kabla kichapwe kilikuwa tayari kimebeba tuzo yao ya Afrika, ya kwanza kabisa, 2018. Mwaka 2022 kikabeba Ursula K. Le Guin Prize, hiyo pia ilikuwa inatolewa mara ya kwanza. Dola 25,000. Msichana wa Mombasa ameenda mara mbili kwa mashindano ambayo hayajawahi kupata mshindi, na mara mbili ameandika jina lake juu kabisa. Na bado niko na wasee Diani hapa hawajamsikia, lakini wanajua mashujaa wote wa sinema na siku zao za kuzaliwa. Aibu ndogo ndogo.

Stori iko hivi. Aisha ni dame wa Kihadhrami, Mombasa. Babake ni mvuvi. Siku moja anaenda baharini, harudi. Mtaa umeanza kunong'ona, nyumbani wanataka msichana atulie, aolewe, maisha yaendelee. Aisha anagoma. Anaingia chombo kilichoundwa kwa mifupa, anaongozwa na paka. Paka msomi, anaongea, ana maneno ya kukata. Huko mbele wanakutana na madubwana matatu ya bahari, na wa mwisho anaitwa Baba wa Papa, mzazi wa papa wote. Unasikia hilo jina? Hakuna mwandishi wa Uingereza angefikiria hilo jina. Hilo limetoka kwa watu ambao wanaogopa papa na pia wanamla kwa nazi.

Kila mnyama kwa hiki kitabu ana maoni. Mbuzi anaongea. Kunguru wanaongea, na kunguru wa Pwani unawajua, wale wahuni wanaokaa kwa paa wakingoja mahamri yako. Khadija amewapa siasa. Nikimaliza hizo kurasa siwezi fukuza kunguru bila kumwangalia machoni kwanza.

Halafu kuna nusu ya pili. Hapa wasee wengi wanadondosha kitabu, wanasema imepoa. Bahari imeisha, dame amerudi kwao, mambo ni ya nyumbani. Mimi nasema hiyo ndiyo part kali. Umeenda kwa kina, umesimama mbele ya Baba wa Papa hukulia, halafu unarudi na watu wanataka ukachambue mchele. Utatoshea kwa ile nyumba aje? Vitabu vingi vya fantasia vinaruka hilo swali. Shujaa anarudi, ngoma inapigwa, mwisho. Khadija amekaa nalo polepole mpaka linauma. Maji: A. Si A ya huruma, ni A ya kusahihishwa mara mbili.

Na huyo Le Guin mwenye tuzo? Huyo alikuwa mama wa Kimarekani, aliaga 2018, na ndiye mzungu pekee nampa A ya maji bila kusita. Tafuta A Wizard of Earthsea, 1968. Dunia nzima ni visiwa. Hakuna bara. Ukitaka kwenda popote, unatafuta chombo. Kijana anaitwa Ged, mchunga mbuzi, rangi yake ni ya kahawia, na watu wengi wa hiyo dunia ni weusi weusi hivi. 2004 televisheni ya Marekani ilimchezesha msee mweupe, na Le Guin akawachapa hadharani kwa maandishi. Mama hakucheza.

Ged anaweza kuita upepo uingie kwa tanga. Poa. Lakini walimu wake wanamkanya: upepo ukiuchukua huku, kuna mahali umeukopa, na deni litadaiwa. Hiyo ni hesabu ya baharini kabisa. Muulize mzee yeyote wa mashua pale Shimoni kama upepo ni wa bure. Kitabu chenyewe ni kidogo, unamada kwa wikendi. Hakuna kurasa mia za chakula cha mfalme.

Ukitaka moto na kicheko, chukua The Adventures of Amina al-Sirafi ya Shannon Chakraborty, 2023. Karne ya 12, Bahari Hindi yetu hii hii, Aden, Sokotra. Nahodha ni mwanamke. Alikuwa haramia, akastaafu, ana mtoto, goti linamuuma, anaswali, na bado anarudishwa baharini juu kuna kazi ya pesa nono na mchawi wa kutafutwa. Meli yake inaitwa Marawati. Nimechoka na vijana wa miaka 17 ambao unabii umewachagua. Nipe mama wa makamo mwenye deni na meli. A-, na hiyo minus ni juu nilitaka aje mpaka Vanga.

Kuna wimbi la mapenzi na majoka. Sarah J. Maas, Rebecca Yarros, hao ndio wanatawala. Fourth Wing ya 2023 iko kila mahali: wanafunzi wa chuo wanaendesha majoka, mapenzi ni ya kuchoma vidole. Maji ni sufuri, mimi nilikimaliza bila kulala, na sioni aibu. Aibu ni ile toleo spesheli. Kurasa zimepakwa rangi pembeni, jalada limenyunyizwa dhahabu, bei ni ya kodi ya bedsita Ukunda. Halafu msee anakipeleka Diani, anakilaza kwa mchanga mweupe kando ya dafu, anapiga picha, anarudisha kwa karatasi yake. Hajafungua! Alama ya kitabu iko ukurasa wa tisa tangu Desemba.

Bei ni ngori, hilo silifichi. Riwaya mpya kutoka nje inakukata thao mbili na kitu kirahisi. Tena sheria ya VAT ya 2013 iliwekea vitabu asilimia 16, yaani hata ndoto inalipiwa ushuru. Tembea Mombasa kwa wale wa vitabu vya mtumba, chuchumaa, chimbua. Soo mbili, soo tatu unatoka na kitu. Kwale mjini kuna laibri, ingia. Na PDF za kuiba, sikia: ukiibia Tolkien siwezi kukufunga, lakini ukiibia Khadija tutakosana. Dada wa kwetu akiandika, nunua, ama changeni kama mbogi.

Sasa wazee. Mjomba wangu aliona jalada la kitabu changu akasema hizo ni hadithi za watoto, na pia zinaita majini nyumbani. Chagua moja, mjomba! Za watoto ama za hatari? Na ni yeye huyo huyo, magharibi ikiingia, anazunguka mbuyu kwa mbali mpaka anapitia kwa shamba la watu. Mwalimu naye anakuja na yake: hizo hazitoki kwa mtihani. Ndiyo maana kuna watu wazima na vitambi vyao ambao riwaya ya mwisho kusoma ilikuwa ya Fomu Foo.

Maoni ya wazee tupa. Stori zao iba zote.

Mfano katsumbakazi. Kwa Wagiriama huyo ni pepo mfupi, mfupi kabisa, na ufupi wake unamuuma. Ukikutana naye anauliza: umeniona kutoka wapi? Ukisema hapa hapa, umeisha, juu umemwambia ni mdogo. Ukisema nilikuona tangu kule mbali, anafurahi, unapita salama. Manze! Hiyo ni sura nzima ya riwaya, na hakuna mtu ameandika hicho kitabu. Ama nenda Kaya Kinondo, hapo tu kusini mwa Diani. Ni moja ya kaya za Mijikenda ambazo UNESCO iliziingiza kwa urithi wa dunia 2008. Unafungwa kaniki nyeusi kabla ya kuingia. Hutoki na kitu, hata kijiti. Brandon Sanderson anatumia kurasa mia kueleza sheria za uchawi wake, na wasomaji wanampigia makofi. Wadigo wamekueleza zote mlangoni.

Na usidhani Kiswahili kiko nyuma. Shaaban Robert unamjua kama swali la mtihani, na hapo ndipo walikuharibia. Msee alizaliwa karibu na Tanga, 1909, vuka tu Lunga Lunga uende. Soma Adili na Nduguze, 1952. Liwali mwema, kila usiku anachapa manyani wawili, na analia akichapa. Kwa nini? Juu hao manyani ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliomtupa baharini kwa wivu, na jini aitwaye Huria akawageuza. Ndugu, meli, wivu, jini. Kimezidi vitabu vingi vya thao mbili, na ni chembamba, unakimaliza kati ya Likoni na Msambweni kama makanga hajakukalisha kwa spika. Ukitaka ya angani, kuna Walenisi ya Katama Mkangi, 1995, msomi wa Ribe ambaye serikali ya Moi ilimweka ndani. Shujaa anaitwa Dzombo. Wasee wa Lunga Lunga, mna wadi yenye hilo jina na hamjasoma kitabu? Anahukumiwa kifo, anarushwa angani afe, na hafi. Maji hakuna. Nimemsamehe.

House of Rust yangu sai iko Gazi. Ikitoka huko inaenda Msambweni, halafu Tiwi, na laini ni ndefu, kwa hivyo andikisha jina mapema. Usikunje kona ya ukurasa. Usikifungue na mikono ya viazi karai. Na ukifika pale Baba wa Papa anainuka kutoka chini, usikae na hiyo peke yako. Pigia mtu. Nipigie mimi, hata kama ni saa nane usiku.