Tulipopanda Kilima na Jinzi

JE, watu waliozaliwa chini ya Mlima Kilimanjaro wanaweza kuogopa kilima kisichofikia hata mita 400? Ndivyo tulivyoulizana kwa kicheko jikoni kwetu katika mji wa Glasgow, Uskoti, jioni moja ya Mei 2017. Kanisa tulilokuwa tukiabudu liliandaa matembezi ya familia kwenda Conic Hill, kilima kilicho kando ya ziwa Loch Lomond, mwendo wa karibu saa moja kwa gari. Tangazo lilimtaka kila mtu aje na buti, koti la mvua na nguo za akiba. Sisi tulikuwa na raba, jinzi na fulana safi za pamba. Tukaona zatosha.

Sababu tulikuwa nayo. Baba watoto alikuwa akisoma kwa ufadhili mdogo. Sisi tunaoandika makala hii tulisomea uuguzi nyumbani Tanzania, lakini kule tulikuwa tukiwahudumia wazee katika makao yao huku tukingoja vyeti vyetu vitambuliwe. Kila muhula tulituma ada ya bweni ya binti wa marehemu dada yetu. Kumnunulia kila mtu buti kwa ajili ya matembezi ya siku moja kulionekana kama anasa.

Tuliondoka kijiji cha Balmaha saa 4 asubuhi jua likiwaka. Tulipopita msitu na kutokea kwenye uwazi wa juu, upepo ukaanza, kisha mvua nyembamba isiyokatika. Katika muda wa nusu saa jinzi zetu zilikuwa nzito kama gunia lililolowa. Kijana wetu, wakati huo ana miaka 9, alitetemeka, akajikwaa mara mbili, kisha akatuuliza kwa ulimi mzito kama tumeshafika kwa bibi yake, Machame.

Akina mama wenzetu, hapo tulijua. Tuliangalia ndani ya midomo yake na chini ya kucha, maana kwenye ngozi nyeusi ndiko rangi inakoonekana vizuri. Palikuwa pamefifia na kuwa kama majivu. Sisi tuliowafundisha wazazi wengine jinsi ya kumtunza mtoto mchanga asipoteze joto, tulikuwa tumemleta wetu mlimani akiwa amevaa taulo lililolowa.

Mama mmoja wa Kiskoti, mjane aliyekuwa na umri wa kama miaka 70, alifungua begi lake bila neno. Alitoa sweta la sufu, kofia, mfuko mkubwa wa plastiki na chupa ya chai yenye sukari nyingi. Tulimketisha mtoto juu ya begi asiguse ardhi, tukamvua nguo zote za juu zilizolowa, tukamvika kavu, tukamfunika kwa ule mfuko na kumnywesha chai taratibu. Baada ya dakika ishirini alianza kulalamika kwamba ana njaa. Hatukuwahi kufurahia malalamiko kama siku ile. Tukageuka, tukarudi chini.

Adui ni maji

Tuliporudi nyumbani tulifikiri sana. Siku ile haikuwa na barafu, na pale chini hali ya hewa ilikuwa kama ya asubuhi ya Julai huko Lushoto. Basi kwa nini mtoto alikaribia kupatwa na hatari?

Jibu ni maji na upepo. Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37 hivi za Selsiasi. Likishuka chini ya nyuzi 35, ubongo na moyo huanza kulemewa. Mtu hutetemeka, hujikwaa, huzungumza ovyo, kisha husinzia. Akiacha kutetemeka ilhali hajapata joto, usidhani amepona, hiyo ni dalili mbaya zaidi. Pamba, tunayoipenda sana kwetu kwa sababu ya joto, hunywa maji na kuyashikilia mwilini, na upepo ukipita huondoa joto upesi. Sufu hata ikilowa bado huhifadhi joto kwa kiasi fulani. Nyuzi za poliesta hazinywi maji mengi, nazo hukauka haraka.

Na jambo moja zaidi: aliyepoa hivyo asisuguliwe mikono na miguu kwa nguvu, wala asipewe pombe. Mpatie nguo kavu, kinga dhidi ya upepo, na kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa ana fahamu na anaweza kumeza.

Kosa la pili

Kosa la kwanza lilikuwa kutonunua kitu. Jumatatu iliyofuata tulifanya la pili, nalo ni kununua kila kitu. Hofu ilitupeleka kwenye duka kubwa la vifaa vya mlimani. Muuzaji alikuwa mpole mno, nasi tulikuwa na hatia moyoni. Tulitoka na makoti manne manene ya manyoya ya bata, fimbo mbili za kutembelea, na begi kubwa la lita 65 linalomfaa msafiri wa majuma mawili. Tulilipa kwa fedha za ada.

Majuma matatu baadaye ujumbe ulifika kutoka nyumbani. Binti yetu alikuwa amerudishwa kwa kukosa ada, naye alikosa mitihani ya katikati ya muhula. Baba watoto hakusema kitu. Alikwenda kwenye kabati akayatazama yale makoti, kisha akafunga mlango polepole. Ukimya ule ulituuma kuliko maneno.

Tulimwendea yule mjane, safari hii tukiwa na aibu. Alipoyaona makoti alituambia kwa upole kwamba manyoya ya bata ya kawaida yakilowa hujikunja na kupoteza joto, na Uskoti ya magharibi ni nchi ya mvua. Duka lilikubali kurudisha makoti mawili, fimbo na begi, kwa kuwa tulikuwa na risiti na lebo zilikuwa hazijakatwa. Makoti mawili tuliyokwisha kuyavaa yalibaki yetu. Ada ikalipwa kwa kuchelewa. Mitihani haikurudi.

Mitumba yenye heshima

Yule mama alitupeleka mahali ambapo hatukupafikiria: maduka ya hisani. Haya huuza vitu vilivyotolewa na watu, na faida huenda kusaidia wagonjwa, wazee au watoto. Tulipoingia tulicheka. Ilikuwa mitumba, kama ile ya soko la Memorial pale Moshi, ila hapa imetundikwa na kupigwa pasi! Tuliona haya kidogo, kwa maana tulidhani mtu hasafiri hadi Ulaya ili anunue mitumba. Lakini pembeni yetu walimu na wauguzi wazungu walikuwa wakipekua nguo zilezile.

Huko tulipata masweta ya sufu, fulana za michezo za poliesta na makoti ya watoto karibu mapya, maana watoto hukua kabla nguo hazijachakaa. Na kwa kile kinachobidi kununuliwa kipya, yafaa kujua kwamba Uingereza haitozi kodi ya ongezeko la thamani kwenye nguo na viatu vya watoto wadogo. Mama mwenye mguu mdogo asione haya kuangalia rafu ya watoto.

Anza na nini?

Dada mpendwa, kama wewe au ndugu yako yuko ughaibuni kwenye nchi ya baridi na mvua, huu ndio mpangilio tuliojifunza kwa gharama.

Viatu kwanza. Hapa usibane fedha ukiweza. Nenda kujaribu alasiri, miguu ikiwa imevimba kidogo, nawe ukiwa umevaa soksi nene utakazotumia. Simama kana kwamba unateremka mlima. Vidole vikigusa mbele, viatu ni vidogo. Namba hutofautiana: 6 ya Uingereza ni karibu sawa na 39 ya Ulaya. Vivae ndani ya nyumba juu ya zulia kwa siku kadhaa kabla ya kuvichafua, ili vikikuumiza uweze kuomba kuvirudisha. Uliza masharti ya kurudisha kabla ya kulipa.

Koti la mvua la pili. Soma lebo. Lililoandikwa waterproof huzuia mvua, lakini water resistant huvumilia manyunyu tu. Kama ni la mtumba, ligeuze ndani uangalie utepe uliofunika mishono. Ukiwa umebanduka, maji yataingia. Ukilifua, usitie dawa ya kulainisha nguo.

Nguo za katikati ni sweta la sufu au la flisi, lile laini lenye manyoya mafupi. Inayogusa ngozi iwe ya poliesta au sufu. Jinzi na fulana za pamba ziache nyumbani. Khanga tunaipenda na tunaibeba kila mara, lakini kwa kujipangusa na kukalia, si kwa kupata joto mvuani.

Mwisho ni begi dogo. Ndani yake tandika mfuko imara wa takataka ili vitu visilowe, kisha weka nguo kavu za akiba, kofia, glavu, chakula, chai ya moto, ramani, tochi na filimbi. Kule, ishara ya kuomba msaada ni kupuliza mara sita, kungoja dakika moja, na kurudia. Kwa simu, hupigwa 999, ukaomba polisi, kisha waokoaji wa milimani. Vitu kama fimbo na begi kubwa viazime. Kanisani, shuleni na kazini wapo wanaovihifadhi chini ya kitanda.

Na sketi je?

Wengi wametuuliza, nasi hatuoni sababu ya kuficha. Kwetu tulilelewa kwamba mwanamke havai suruali. Sketi ndefu mlimani hunasa kwenye miiba, hulowa na kukuangusha kwenye mawe. Sisi tulivaa suruali nyepesi inayokauka upesi, na juu yake sketi fupi ya kufika magotini ya kitambaa kama hicho. Heshima yetu haikupungua, na magoti yetu yalibaki mazima. Kila mmoja na apatane na dhamiri yake, mradi asiteleze.

Tulirudi kileleni

Septemba 2017 tulipanda tena Conic Hill. Mvua ilinyesha, kama kawaida yake. Kijana wetu alitangulia akiwa na koti la mtumba ambalo ndani ya ukosi liliandikwa jina la mtoto mwingine tusiyemjua. Kutoka juu tuliona visiwa vya Loch Lomond vimejipanga ziwani kama ng'ombe wanaovuka mto. Tuliimba, tukanywa chai, tukashuka tukiwa wakavu.

Mwaka 2019 tulirejea nyumbani. Buti zilizowabana watoto na masweta yao hatukuyatupa. Pale Moshi kuna Kilimanjaro Porters Assistance Project, mradi ulioanza mwaka 2003, ambao huwaazima wapagazi wa mlimani nguo za baridi bila kuwalipisha. Tulipeleka yale makoti mawili ya manyoya ya bata. Huko juu, kwenye baridi kavu karibu na kilele cha mita 5,895, ndiko mahali pake.

Binti wa dada yetu alimaliza shule. Siku moja tulimweleza ada yake ilikokwenda muhula ule, tukamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama mtoto alipona. Tukamwambia ndiyo. Akasema, basi, mama, hayo mengine yamepita.