Sumaku Inayokataa Umeme

Ukifungua chaja ya simu iliyokufa utakuta ndani yake kijitransfoma cheusi kilichozungushiwa utepe wa njano. Adapta za zamani zilikuwa nzito kwa sababu transfoma zao zilijaa mabati ya chuma. Kilichouondoa uzito ule ni feraiti: oksaidi ya chuma, ndugu wa kutu, iliyochanganywa na manganisi, nikeli au zinki kisha ikaokwa tanuruni hadi ikawa ngumu. Waliogundua feraiti ya aina hii mwaka 1930 ni Yogoro Kato na Takeshi Takei wa Tokyo, na kampuni ya TDK ilianzishwa mwaka 1935 ili kuitengeneza kwa biashara.

Kasoro ya chuma ni kwamba kinashika sumaku vizuri na umeme pia kinaupitisha vizuri. Sumaku inapogeukageuka ndani yake, huzaliwa mikondo midogo inayozunguka bila kazi yoyote ila kutoa joto. Umeme wa ukutani hufanya mizunguko 50 kwa sekunde, na hapo hasara inavumilika. Chaja ya leo huupandisha hadi mizunguko makumi ya maelfu, kwa kuwa masafa yakipanda transfoma inaweza kuwa ndogo. Kwa kasi hiyo chuma kingebabuka. Feraiti haibabuki, maana ukinzani wake, hata wa ile ya manganisi inayopitisha umeme kuliko wenzake, unakizidi chuma mara mamilioni.

Siri yake iko kwenye punje. Mwaka 1951 C. G. Koops, mtafiti wa Philips nchini Uholanzi, alieleza kwamba punje za feraiti hupitisha umeme kiasi, lakini zimetenganishwa na tabaka jembamba linalouzuia. Ni nyumba yenye vyumba vingi isiyo na milango: elektroni hutembea chumbani, zikifika ukutani hukwama. Umeme ukigeuka polepole, elektroni hupata muda wa kurundikana ukutani, na feraiti huonekana ina uwezo mkubwa ajabu wa kuhifadhi chaji. Ukigeuka haraka, hurudishwa kabla hazijafika, na uwezo ule huporomoka.

Ndiyo maana maabara nyingi sasa zinatengeneza punje za nanomita 20 au 30, ilhali unywele wa mtu una takriban nanomita 80,000. Njia moja ni rahisi hata kusimulia: chumvi za nitrati huchanganywa na asidi ya sitriki, ile ya ndimu, zikachemshwa hadi kuwa ujiuji mzito, ambao ukizidi kupashwa moto huwaka wenyewe na kuacha unga laini. Punje zikiwa ndogo kuta huwa nyingi, na mara nyingi ukinzani hupanda.

Gharama ipo. Sumaku ya atomu zilizo juu ya uso wa punje huvurugika, na punje ikiwa ndogo sehemu yake kubwa zaidi huwa uso, hivyo nguvu ya sumaku hupungua. Tena, ukiuoka unga huo kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000 ili ushikamane, punje hukua na udogo wake wote hupotea. Kwangu mimi, hilo la tanuru ndilo tatizo kubwa kuliko yote, ingawa husemwa kwa sauti ya chini.

Kwa hiyo ukisikia feraiti mpya inasifiwa kwa kuhifadhi chaji maradufu, uliza kwanza imepimwa kwa masafa gani. Kwa mizunguko 100 kwa sekunde, karibu kila feraiti huonekana hodari.