Sheikh Abdillahi Nassir: Kutoka Siasa hadi Mimbari

Mwanamke Mwislamu wa Kendu Bay au Migori anayedai fungu lake la mirathi anaweza leo kulipeleka shauri lake mbele ya kadhi. Wengi wetu twaiona haki hiyo kama kwamba ilikuwapo tu tangu jadi. Lakini mwaka 1962 mustakabali wa makadhi ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyojadiliwa London, na kati ya waliokwenda huko kuusemea mwambao ni kijana wa Mombasa ambaye hakuwa hata ametimiza miaka thelathini.

Abdillahi Nassir, aliyezaliwa 1932, alisomea ualimu Unguja, akaingia siasa, akawa mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria. Chama chake, Coast People's Party, kilitaka ukanda wa maili kumi uliokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar ujitawale. Tom Mboya wa kisiwa cha Rusinga, kilichomo leo katika kaunti ya Homa Bay, alikuwa huko huko London na ujumbe wa KANU, akitaka Kenya iwe nchi moja.

Wa mwambao walishindwa. Oktoba 1963 ilikubaliwa kwamba ukanda uunganishwe na Kenya, na Kenyatta akamwahidi kwa maandishi Waziri Mkuu wa Zanzibar, Mohammed Shamte, kwamba mamlaka ya makadhi yatahifadhiwa. Sheria ya 1967 ikaanzisha mahakama sita za kadhi, na moja ikapewa eneo lililoihusisha Nyanza. Basi lililotakiwa kwa ajili ya maili kumi za pwani likafika Ziwani! Si haki kumsifu mtu mmoja kwa hilo, lakini si haki pia kuwasahau waliolibishania.

Naye hakung'ang'ania siasa. Alihamia uchapishaji, akawa mhariri wa vitabu vya Kiswahili katika Oxford University Press, Nairobi. Miaka ya 1980 alijitokeza hadharani kuwa Shia, katika mji ambao Waislamu wake wengi ni Sunni wa madhehebu ya Shafi. Waliompinga hawakuwa wachache. Aliwajibu kwa mihadhara na kwa vitabu, vikiwemo Shia na Qur'ani na Shia na Sahaba, kwa Kiswahili chepesi ambacho hata mama wa nyumbani angekifuata bila mkalimani.

Alifariki Mombasa Januari 2022, akikaribia miaka tisini. Mwenyezi Mungu amrehemu.