Somo la Kumi na Nne: Kutia Injini Kubwa Zaidi Katika Gari la Zamani

Kiongozi wa darasa na ahakikishe kwamba kila mtu ana daftari na kalamu, kwa maana leo tutapiga hesabu kidogo. Walio nyuma wasogee karibu na redio. Mwenye kadi ya gari nyumbani, hata gari la jirani, atapata faida zaidi akiileta darasani baada ya kipindi.

Somo la leo limetokana na swali. Mzee mmoja wa Uru, ambaye ni mwanafunzi kama ninyi, alinijia ofisini Moshi wakati kahawa ilipokuwa imekwisha kuuzwa. Tulipokwisha kuamkiana alitoa karatasi mfukoni. Akasema, "Mwalimu, mimi nina Land Rover ya stesheni wagoni. Inakula petroli kama ng'ombe anywavyo maji. Fundi ananiambia niitoe injini hiyo, anitilie ya dizeli iliyo kubwa zaidi, eti nitapanda mlima kama ninayeteremka. Sasa pesa ya kahawa ninayo, nayo haitoki mara mbili kwa mwaka. Maneno haya ni ya kweli, au ni maneno ya kuuza?"

Nilimjibu kwamba mimi si fundi. Lakini kitabu cha gari tunaweza kukisoma, na mafundi waliokwisha kufanya kazi hiyo wako hapa mjini. Basi tukaanza.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 ya namna iitwayo Series III, iliyotengenezwa tangu 1971 hadi 1985. Namba 109 ni inchi kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma. Mnayajua magari haya. Yako mengi bado kwetu na Arusha, yanabeba ndizi, watu na majani ya ng'ombe, na mnamo Oktoba 2024 wenye Land Rover walikusanyika Arusha kwa mamia kuzionyesha. Gari la mzee huyu hushusha ndizi sokoni asubuhi, na usiku wa manane, mtu akiugua kijijini, ndilo linaloitwa.

Sasa fungueni daftari. Mtu akisema injini ni kubwa, ana maana gani? Hana maana ya urefu wa chuma chake. Ndani ya injini kuna matundu ya mviringo yaitwayo silinda, na katika kila silinda kuna pistoni ipandayo na kushuka kama mchi ndani ya kinu. Ukubwa wa injini ni nafasi ambayo pistoni zote huifagia zinapotoka juu mpaka chini. Nafasi hiyo hupimwa kwa sentimita za ujazo, ambazo mafundi huziita "sisi".

Injini ya zamani ya mzee ina silinda 4. Upana wa kila silinda ni sentimita 9.05 hivi, na mwendo wa pistoni ni sentimita 8.89. Chukueni nusu ya upana, ni 4.52. Zidisheni 4.52 kwa 4.52, mtapata 20.43. Zidisheni kwa 3.14, mtapata 64.15. Sasa zidisheni kwa mwendo wa pistoni, yaani 8.89, mtapata karibu 570. Hiyo ni silinda moja. Mara nne ni 2,280. Kitabu kinasema 2,286. Tofauti ile ndogo ni kwa sababu tulikata tarakimu za mwisho.

Injini aliyotajiwa mzee ni ya dizeli, jina lake 200Tdi, iliyotolewa mwaka 1989 pamoja na gari liitwalo Discovery. Upana wa silinda zake ni ule ule! Ila pistoni yake hutembea sentimita 9.7. Pigeni hesabu tena kwa namba hiyo, mtafika karibu na 2,495, ambayo ndiyo iliyoandikwa kitabuni. Mzee alipoiona hesabu hii alicheka. Alidhani injini kubwa ni mara mbili ya ile yake, kumbe imezidi kwa sentimita 209 tu, kama kikombe kimoja cha chai.

Na tena injini hizi ni ndugu. Ile ya dizeli imetokana na ukoo wa ile ya zamani, ndiyo sababu huweza kufungwa kwenye giaboksi ya Land Rover ya zamani kwa marekebisho machache. Wako watu wanaotia injini za Toyota, na wengine wamefanikiwa, kwa kuwa vipuri vya Toyota hupatikana kila duka. Lakini huko lazima fundi achonge bamba la chuma la kuunganisha injini na giaboksi, na bamba likikaa upande hata kidogo, klachi na beringi huisha upesi.

Mtauliza, ikiwa ukubwa umezidi kidogo tu, mlima utapandwaje? Ile ya petroli ina nguvu za farasi 70 hivi, na 200Tdi ya Discovery ina 111. Na nguvu ya kuzungusha, ile inayolitoa gari lenye mzigo mahali liliposimama, inazidi ile ya kwanza kwa zaidi ya mara moja na nusu. Kikombe cha chai hakiwezi kuleta hayo. Yanaletwa na turbo.

Hapa na tukae kidogo, maana jambo hili linatuhusu sisi wa mlimani kuliko watu wa Tanga. Moto hautawaka bila hewa. Hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya chini. Mji wa Moshi uko meta 800 na zaidi juu ya bahari, na lango la Marangu liko meta 1,800 na zaidi. Injini ya kawaida hupoteza karibu sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila meta 1,000 unazopanda. Basi gari lililotoka mjini likiwa na nguvu kumi hufika juu na tisa, na huko juu ndiko kwenye kona kali na matope. Turbo ni feni ndogo izungushwayo na moshi wa ekzosi. Feni hiyo huisukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda. Kwa hiyo injini yenye turbo hailisikii sana pengo la hewa ya mlimani. Hilo ndilo lililokuwa kweli katika maneno ya yule fundi.

Lakini injini haitembei peke yake. Fundi alimtajia mzee bei ya injini tu. Tulikaa tukaandika vitu vingine vyote, na nawashauri mfanye vivyo hivyo kabla ya kutoa hata shilingi. Miguu ya kuishikia injini kwenye chesisi lazima ilehemuliwe upya. Turbo ya injini ya Discovery imekaa chini ubavuni na huweza kugusana na chesisi, basi kuna kazi ya kuihamisha. Ekzosi ni nyingine. Tangi la petroli lioshwe, na bomba la pili litiwe, kwa sababu pampu ya dizeli hurudisha tangini ile dizeli iliyozidi. Rejeta ichunguzwe: kwenye meta 1,800 maji huchemka kwenye digrii 94 hivi badala ya 100, na mfuniko wa rejeta uliolegea, ambao mjini hauonekani kuwa na kosa, huko juu utakuacha njiani ukiomba maji nyumba za watu. Mwisho wa hesabu, jumla ilizidi bei ya injini kwa nusu yake. Mzee alinyamaza muda mrefu.

Kuna jambo la difu pia. Mafundi wengi, wakitia injini hii, hubadili na difu ili gari likimbie kwenye lami. Kwa mtu aendaye Dar es Salaam kila juma ni sawa. Kwa mtu wa Uru au Mwika nasema aiache difu ya zamani, kwa kuwa ni nzito na ya kupandia. Mbio za nini kwenye njia ya migomba? Ila mguu uwe mpole, maana giaboksi na ekseli zilitengenezwa kwa injini dhaifu, na mtu akikanyaga mafuta kwa ghafula katika gea ya kwanza, ekseli huweza kukatika kama muwa.

Nilimwambia pia waziwazi kwamba kama chesisi imeliwa na kutu, aache kabisa. Na kama gari linatoka mara moja kwa juma, kuifanyia matengenezo injini ile ile ya petroli ni nafuu zaidi. Lakini lake linapanda na kushuka kila siku, na mafuta atakayookoa ni ya kila siku. Akaamua kubadili.

Sasa sikilizeni vizuri habari ya breki, kwa maana hapa nusura tumpoteze mzee wetu.

Kazi ilipokwisha, alilijaribu gari mjini bila mzigo, akafurahi. Siku ya tatu alikuwa akishuka kutoka Uru na mikungu ya ndizi na watu sita. Penye mteremko akakanyaga breki, pedali ikawa ngumu kama jiwe. Gari lilipungua mwendo kidogo tu. Bahati alikuwa katika gea ya pili. Alikanyaga kwa miguu miwili, akavuta na breki ya mkono, akaliegemeza gari kwenye ukingo wa udongo mpaka likasimama. Hakuna aliyeumia. Abiria wawili walikataa kupanda tena, nami siwalaumu.

Kosa lilikuwa nini? Gari lake lina busta, kile kikopo kikubwa kinachousaidia mguu kusukuma breki. Busta hufanya kazi kwa mvuto wa hewa. Mmemwona mtoto anyonyaye soda kwa mrija? Injini ya petroli hunyonya hivyo hivyo, kwa sababu dereva akiachilia mafuta kijilango cha hewa hufungwa, nayo injini ikaendelea kuvuta. Mvuto ule hupelekwa kwenye busta kwa mpira. Injini ya dizeli kama hii haina kijilango hicho. Hewa huingia wazi wakati wote, kwa hiyo mvuto haupo. Ndiyo maana imepewa pampu yake ya kuvuta hewa, iliyofungwa ubavuni mwa injini. Yule fundi aliung'oa mpira wa zamani, akauziba kwa bolti, asiuunganishe na pampu. Pampu ilikuwapo, inazunguka bure. Mjini, gari likiwa tupu, mzee alidhani breki ni ngumu kwa sababu ya brekishuu mpya.

Kuna namna ya kujaribu ambayo kila mmoja wenu anaweza. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga pedali ya breki mara tano mpaka iwe ngumu. Endelea kuikandamiza, kisha washa injini. Kama busta inapata mvuto, utaisikia pedali ikishuka kidogo chini ya mguu. Isiposhuka, usiliondoe gari. Na hata ikishuka, kumbukeni kwamba injini mpya haikuongeza ukubwa wa breki. Gari lipandalo kwa wepesi na mzigo mkubwa litashuka na mzigo huo huo kwa breki zile zile za mwaka 1975. Shukeni kwa gea ile mliyopandia.

Neno moja juu ya mkanda. Injini ya zamani huendesha vali zake kwa mnyororo, na 200Tdi kwa mkanda wa mpira. Kitabu kimeandika kilometa za kuubadili. Kwenye vumbi ni mapema zaidi. Ukikatika njiani, vali na pistoni hugongana, na pesa ya kahawa imekwenda.

Sasa karatasi. Kadi ya gari ina namba ya chesisi, namba ya injini, ukubwa wa injini na aina ya mafuta. Mzee alipobadili, matatu kati ya hayo manne yaligeuka. Lazima Mamlaka ya Mapato iarifiwe na kadi irekebishwe, na kampuni ya bima iarifiwe pia. Gari lenye injini isiyo ya kadi likipata ajali, bima inaweza kukataa kulipa, na polisi wana haki ya kukuuliza injini umeipata wapi. Jibu la swali hilo ni stakabadhi ya kununulia.

Kabla ya kumaliza kulipa, mzee alichukua kitambaa, akapangusa mafuta kwenye bamba la injini mahali namba ilipopigwa. Akavaa miwani. Akasoma tarakimu moja moja kwa sauti, huku mjukuu wake ameshika stakabadhi. Penye tarakimu ya sita injini ilisema 3, na stakabadhi ilisema 8. Muuzaji akasema, "Mzee, hiyo ni kalamu tu, usijali." Mzee akajibu, "Basi kama ni kalamu tu, ichukue uandike tena." Alikaa juu ya tairi mpaka stakabadhi mpya ikaandikwa. Miaka minne iliyopita mzee huyu alikuwa akitia dole gumba.

Kazi ya nyumbani: someni kadi moja ya gari, mwandike yale mambo manne niliyoyataja. Kisha pigeni hesabu ya injini yenye silinda 4, upana sentimita 8, mwendo wa pistoni sentimita 9. Jibu tutalisoma Jumatano, saa hii hii. Kwaherini.