Otto Rehhagel: Kocha aliyefungwa 12-0, kisha akaipa Ugiriki Kombe la Ulaya

Timu ikifungwa mechi mbili mfululizo, ujumbe unaoingia studio kwetu ni uleule: "Huyo kocha anangoja nini? Aondoke!" Wengine huuliza jingine: kocha ana kazi gani hasa, ikiwa wanaokimbia uwanjani ni wachezaji?

Leo tunayajibu maswali hayo mawili kwa kupitia maisha ya mtu mmoja, Mjerumani Otto Rehhagel. Vijana wengi wanamjua Jürgen Klopp na hawamjui huyu. Lakini ukitaka kuelewa timu ndogo inamfungaje mkubwa, Rehhagel ndiye wa kuanza naye.

Fundi rangi kutoka mji wa makaa ya mawe

Rehhagel alizaliwa tarehe 9 Agosti 1938 mjini Essen, eneo la migodi ya makaa ya mawe. Alijifunza ufundi wa kupaka rangi nyumba, huku akicheza mpira kama beki. Ligi kuu ya Ujerumani, Bundesliga, ilipoanza mwaka 1963, alikuwamo katika kikosi cha Hertha Berlin. Baadaye alihamia Kaiserslautern, na alipostaafu kucheza akaingia kwenye ukocha.

Mwanzo wake haukuwa mzuri. Tarehe 29 Aprili 1978, siku ya mwisho ya ligi, timu yake ya Borussia Dortmund ilikutana na Borussia Mönchengladbach, iliyokuwa ikihitaji magoli mengi ili kuipita Köln. Dortmund ilifungwa 12-0. Mpaka leo hakuna timu iliyowahi kufungwa kwa tofauti kubwa zaidi katika Bundesliga. Köln nayo ilishinda siku hiyo na kubeba ubingwa, lakini waliochekwa ni Dortmund.

Siku iliyofuata Rehhagel alifukuzwa. Magazeti yalimbatiza "Torhagel". Kwa Kijerumani "Tor" ni goli, na "Hagel" ni mvua ya mawe. Ninyi wakulima mnajua mvua ya mawe inavyofanya shambani.

Miaka 14 Bremen

Rehhagel hakuacha kazi. Mwaka 1980 alitwaa Kombe la Ujerumani akiwa na Fortuna Düsseldorf. Mwaka uliofuata aliitwa na Werder Bremen, klabu iliyokuwa ikipigania kurudi ligi kuu.

Bremen haikuwa na fedha za kushindana na Bayern Munich. Rehhagel alitafuta wachezaji ambao wakubwa hawakuwataka au hawakuwa wamewaona, akawajenga taratibu. Mwaka 1983 Bremen ilikosa ubingwa kwa tofauti ya magoli tu. Mwaka 1986 ilikuwa chungu zaidi. Zikiwa zimebaki dakika mbili hivi katika mechi dhidi ya Bayern, Bremen ilipata penalti. Ingeingia, ubingwa ulikuwa wao. Michael Kutzop akapiga, mpira ukagonga mwamba. Katika mechi iliyofuata Bremen ikafungwa, na Bayern ikatwaa kombe, tena kwa tofauti ya magoli.

Hapa ndipo tunapotaka msikilizaji wetu atulie kidogo. Ingekuwa klabu nyingine, kocha angefukuzwa asubuhi yake. Bremen ilimwacha aendelee. Mwaka 1988 ikawa bingwa, ikiwa imefungwa magoli 22 tu msimu mzima. Ikaongeza ubingwa mwingine mwaka 1993, Kombe la Ujerumani mwaka 1991 na 1994, na mwaka 1992 Kombe la Washindi barani Ulaya kwa kuifunga Monaco 2-0 mjini Lisbon.

Kwa tajiri hakudumu

Mwaka 1995 Bayern ilimchukua. Sasa alikuwa na fedha na nyota kama Jürgen Klinsmann. Timu ilishinda mechi saba za kwanza za ligi, lakini ndani hakukuwa na amani. Bremen neno lake lilikuwa la mwisho. Munich kila nyota alikuwa na neno lake, na viongozi nao vivyo hivyo. Aprili 1996, siku chache kabla ya fainali ya Kombe la UEFA, akafukuzwa. Franz Beckenbauer akashika timu na kubeba kombe hilo.

Rehhagel alikwenda Kaiserslautern, klabu yake ya zamani, iliyokuwa imeshuka daraja mwaka huohuo. Mwaka 1997 akaipandisha. Ratiba ikapanga mechi ya kwanza ya ligi kuu iwe Munich, dhidi ya Bayern waliomfukuza. Kaiserslautern ikashinda 1-0. Wengi walidhani ni bahati ya siku moja, lakini Mei 1998 timu hiyo iliyotoka daraja la pili ilikuwa bingwa wa Ujerumani, pointi mbili mbele ya Bayern. Hakuna timu nyingine iliyofanya hivyo katika historia ya Bundesliga.

Ugiriki: fundi na vifaa alivyovikuta

Mwaka 2001 alichukua timu ya taifa ya Ugiriki. Hadi wakati huo Ugiriki ilikuwa haijashinda hata mechi moja katika fainali za Kombe la Dunia wala Kombe la Ulaya. Kwenye Kombe la Dunia la 1994 ilifungwa mechi zote tatu, magoli 10, bila kufunga hata moja.

Mechi yake ya kwanza alifungwa na Finland 5-1. Katika kufuzu kwa Kombe la Ulaya la 2004 alipoteza mechi mbili za mwanzo. Kisha Ugiriki ikashinda sita mfululizo bila kuruhusu goli, ikafuzu.

Alifanya nini? Hakukijua Kigiriki. Msaidizi wake, Ioannis Topalidis, ndiye aliyemtafsiria. Lakini aliona haraka kwamba hana wachezaji wa kumchezea mpira wa pasi nyingi kama Ureno au Ufaransa. Alikuwa na watu warefu, wenye nguvu na walio tayari kukimbia.

Wakati huo timu nyingi zilikuwa zikilinda maeneo. Kila beki ana kipande chake cha uwanja, kama shamba lililogawanywa, na mshambuliaji akihama anaachiwa jirani. Rehhagel alirudi kwenye mtindo wa zamani: beki anapewa mtu, si kipande. Mtu wako akienda kushoto, unakwenda kushoto. Nyuma yao alibaki beki mmoja huru, Traianos Dellas, wa kufagia kinachopenya. Mbele, silaha ilikuwa krosi, kona na vichwa.

Ureno, wenyeji, walifungwa 2-1 katika mechi ya ufunguzi. Ugiriki ikatoka sare 1-1 na Hispania, ikafungwa 2-1 na Urusi, ikapenya kwa shida. Robo fainali iliifunga Ufaransa, bingwa mtetezi, 1-0 kwa kichwa cha Angelos Charisteas. Nusu fainali iliifunga Jamhuri ya Czech 1-0. Dellas alifunga kwa kichwa, mpira wa kona, mwisho kabisa wa kipindi cha kwanza cha muda wa nyongeza. Kwa kanuni ya wakati huo, iliyoitwa goli la fedha, timu inayoongoza kipindi hicho kikiisha imeshinda. Mechi ikaishia hapo.

Fainali ilichezwa tarehe 4 Julai 2004 mjini Lisbon, dhidi ya Ureno tena. Dakika ya 57, Angelos Basinas akapiga kona, Charisteas akaruka, kichwa, goli. Ureno ilishambulia mpaka mwisho bila kupata kitu, na Cristiano Ronaldo, wakati huo kijana wa miaka 19, akalia uwanjani.

Mechi tatu za mtoano, magoli matatu, yote ya vichwa, na Ugiriki haikuruhusu hata moja. Rehhagel akawa kocha wa kwanza wa kigeni kulitwaa Kombe la Ulaya. Wagiriki wakamwita "Rehakles", wakiliunganisha jina lake na la shujaa wao wa kale, Herakles.

Wapo waliolalamika kwamba mpira ule haukupendeza. Jibu lake lilijulikana: mpira wa kisasa ni ule unaoshinda. Unaweza kumkatalia, na sisi wenyewe studio tumebishana sana juu ya hilo. Lakini angewaambia vijana wale wacheze kama Ufaransa, wangerudi nyumbani mapema.

Tunajifunza nini

Hakushinda kila mahali. Kwenye Kombe la Dunia la 2010 Afrika Kusini, Ugiriki iliifunga Nigeria 2-1, ushindi wake wa kwanza katika mashindano hayo, lakini ikatolewa kwenye makundi. Mwaka 2012 alirudi kuiokoa Hertha Berlin, ikashuka daraja.

Basi kazi ya kocha ni ipi? Ni kuwatazama watu alionao, si wale anaowatamani, na kumpa kila mmoja jukumu analoliweza. Na kazi ya viongozi na mashabiki ni ipi? Kumpa muda. Toka magoli 12 ya mwaka 1978 hadi kombe la Lisbon ilipita miaka 26.

Jumapili hii timu ya kijiji chenu ikifungwa, kabla ya kututumia ujumbe wa "kocha aondoke", jiulizeni kwanza: amepewa msimu mmoja kamili? Na je, kuna mazoezi ambayo wachezaji hawakufika? Tuandikieni na hilo pia, tutalisoma hewani.